Miito ya Madungu

Dar es Salaam
19 Januari 2025

Dada yangu Swaumu,

Assalaam alaykum. Simu yako nimeipiga mpaka nimechoka, kila mara naambiwa haipatikani. Kavita ndiye aliyeniambia kwamba ilitumbukia majini ulipokuwa unashuka botini. Basi nimeona nikuandikie kama enzi za shule. Barua hii itakwenda Kibiti pamoja na mzigo wa duka la kina Kavita, naye atampa Mudrick akiteremka Mbuchi na boti yake.

Nina habari njema. Chuo kimeniruhusu niendelee na shahada ya uzamivu kwa njia niliyoiomba. Najua ulinicheka mwaka juzi nilipokaa nawe msimu mzima juu ya dungu, kile kichanja chenu cha kulindia mpunga, nikikuuliza kwa nini mnapofukuza ndege mnaitana kwa sauti ile ndefu. Uliniambia, "Tunaitana ili tusilale." Lakini dada, mimi nimekaa na ile miito miaka miwili sasa, nimeifanyia mazoezi chumbani mpaka majirani wamenishtaki kwa mwenye nyumba. Nimegundua kitu ambacho nisingekijua kwa kukaa na kalamu. Ule mvuto wa mwisho, pale unaposema "wamekujaaa", huuvuti kwa ajili ya uzuri. Unaushikilia mpaka usikie mwenzako wa dungu la pili ameanza kuvuta pumzi. Unampokeza. Hilo nililijua kwa mbavu zangu kabla sijalijua kwa akili.

Kwa hiyo utafiti wangu hautakuwa kitabu peke yake. Utakuwa onyesho. Wewe, Mwanajuma na wenzenu mtakuwa juu ya madungu yenu, shambani kwenu, mpunga ukiwa umekomaa, mkiitana kama siku zote kwa mpangilio niliowafundisha. Watahini watakuja Mbuchi kusikiliza. Nategemea iwe mwezi wa Juni au Julai. Waambie wenzio waanze kujinoa.

Nisalimie shemeji Ismaily.

Mdogo wako,
Faudhia

*

Mbuchi
11 Februari 2025

Mdogo wangu Faudhia,

Waalaykum salaam. Barua yako niliisoma mbele ya kina mama tukiwa tunapanda, tukacheka mpaka tukakaa kwenye matope. Yaani mtu anaacha waume huko Dar anasomea kelele zetu! Lakini nilipofika pale pa kupokezana pumzi, Mwanajuma akaacha kucheka. Akasema, "Kaona kweli huyu mtoto. Mimi nikisikia Swaumu amekata kabla sijawa tayari, naona kama nimeachwa peke yangu." Sikuwahi kulifikiria, na tumekuwa tukiitana tangu tuolewe.

Sasa kina mama wana maswali. Hao maprofesa wataketi wapi, maana huku shambani hakuna kiti. Na je, tukikosea watakufelisha wewe au sisi? Na Mwanajuma anasema yeye hakubali kuvaa sare. Atavaa kanga zake za shamba, ndege wamemzoea hivyo.

Mpunga tumepanda. Maji mwaka huu yana uchumvi kidogo kwenye ulimi, lakini miche imesimama. Mvua kubwa zikija yatasafika. Usiwe na wasiwasi na sisi, soma.

Ismaily anakusalimu. Kifua chake kimepona.

Dada yako,
Swaumu

*

Dar es Salaam
20 Machi 2025

Kavita shoga yangu,

Hii ni ya kwako, si ya kupitisha. Kwenye simu hapo dukani kila mtu anasikia. Isome halafu ikae kwako.

Nilimdanganya dada Swaumu. Sikuwa nimeruhusiwa. Msimamizi wangu Dokta Haruni aliniambia tu kwamba mambo yanaelekea vizuri, nami nikaandika kama yamekwisha. Wiki iliyopita nimeitwa mbele ya kamati ya masomo ya juu.

Walikuwa watu wazima wenye heshima zao, wala hawakunitukana. Hilo ndilo lililoniuma. Mmoja aliniuliza, "Mtafiti mwingine akienda kurudia kazi hii, atapata matokeo haya haya?"

Nikasema, "Hapana. Atapata ya kwake, na ya wanawake atakaowakuta."

Wakatazamana. Mwingine, mama mmoja mpole, akaniambia, "Mwanangu, hatukatai sanaa. Mimi mwenyewe harusi yangu ilichezwa ngoma siku tatu. Tunachouliza ni hiki: onyesho likishakwisha na watu wakashuka huko juu, utafiti uko wapi? Maktaba itaweka nini rafuni?"

Nikajibu kwamba utafiti uko kwenye kule kuita kwenyewe. Kwamba maandishi yangu yatauelezea, lakini hayawezi kukaa mahali pake. Yule wa kwanza akasema, "Basi lililo lako ni tamasha, si tasnifu." Dokta Haruni alikuwa ameketi kando yangu. Ameniongoza miaka yote hii, ameyasema haya haya darasani kwa nguvu kuliko mimi, na siku ile alikuwa anakunja na kukunjua kona ya karatasi yake. Tulipotoka akaniambia, "Nisamehe. Nikiongea wataniona ninakutetea."

Wamenipa njia mbili. Nirekodi miito, niiandike, niihesabu, niichambue kama mtu anavyochambua sampuli ya udongo. Au niandike upya pendekezo langu na kuwaonyesha kwa hoja kwa nini lazima waje mpaka Mbuchi. Nimechagua ya pili. Ninaandika usiku na mchana.

Tafadhali, dada asijue. Ameshawapanga wenzake. Akisikia kwamba huku wameita kazi yao tamasha, atavunjika moyo, naye ndiye nguzo yangu.

Wako,
Faudhia

*

Mbuchi
14 Aprili 2025

Mdogo wangu Kavita,

Nakuandikia wewe kwa sababu wewe ni mtu wa dukani, umezoea kukaa na mambo ya watu.

Mpunga umekufa. Bamvua la mwezi uliopita lilipandisha maji ya chumvi kupita matuta, yakalala shambani, na mvua tulizozitegemea hazikuja kuyaosha. Kwanza majani yaligeuka rangi ya chai, baadaye yakalala. Upande wa mtoni ni vibaya zaidi. Ukingo umemeguka na kuchukua dungu la Mwanajuma lote, nguzo na ngazi yake. Alhamdulillahi hakuwemo.

Watu wameanza kuhama. Mwanajuma amechukuliwa na mwanawe, yuko Nyamwage barabarani, anakaanga mihogo wanakosimama mabasi. Zena amekuja huko kwenu Kibiti, labda utamwona. Tumebaki wanawake wanne na madungu matatu. Ismaily naye amekwenda Mtunda kwa kaka yake kuomba kipande cha shamba. Anasema nimfuate. Nimemwambia asubiri kwanza nimalize kazi ya mdogo wangu.

Jioni tunapanda madunguni tunaita. Hakuna ndege, Kavita. Wangekuja kula nini? Lakini tunafanya kama Faudhia alivyotufundisha. Zamu ya Mwanajuma ikifika tunaiacha wazi, tunasubiri kidogo, tunaendelea. Mara ya kwanza nilishindwa kuendelea, nikashuka.

Nakuomba usimwambie Faudhia. Ameshakubaliwa na wakubwa wake, ana furaha yake. Akijua ataacha masomo aje hapa, na akija atafanya nini? Ataizuia bahari? Tutamfanyia onyesho lake kwa tulivyobaki. Likishapita ndipo ajue.

Swaumu

*

Kibiti
5 Mei 2025

Faudhia,

Salamu nyingi. Baba hajambo, ila presha inapanda na kushuka.

Naandika hii mara ya tatu, mbili nimezichana. Nakuomba jambo moja, usiniulize sababu: acha kwanza mambo ya kamati, uje nyumbani. Njoo uende Mbuchi ukae na dada yako japo siku mbili. Hoja zako zitakungoja. Si kila kitu kinangoja.

Kavita

*

Dar es Salaam
24 Mei 2025

Kavita,

Barua yako iliniuma nikaiweka bila kuijibu. Nilisema moyoni, hata Kavita anaona ninapoteza muda. Nimesikia maneno hayo kwa wengi, kwamba nirudi nyumbani nipumzike. Sikutegemea kuyasikia kwako.

Lakini leo sina kinyongo, kwa sababu wamekubali! Pendekezo langu lilipelekwa kwa mtahini wa nje, naye akawaandikia kwamba hoja zangu zimemridhisha. Watakuja wawili, yeye na mmoja wa hapa chuoni, tarehe 8 Julai.

Nikuandikie sentensi yenyewe iliyowashinda, nimeikariri: "Miito hii haitenganishiki na mpunga inaoulinda, na ndege inaowafukuza, wala na masikio ya mwanamke wa dungu la pili. Ikihamishwa kwenda jukwaani, au ikifanywa na watu wengine, si kazi hii tena." Wameichukua kama ilivyo na kuifanya sharti la mtihani. Kazi itatahiniwa shambani Mbuchi, katika msimu wake, na wanawake waliotajwa. Vinginevyo haitahesabiwa. Dokta Haruni alinipigia simu analia. Amesema wanafunzi watakaokuja baada yangu, wachoraji, wachezaji, wafinyanzi, watapita mlango nilioufungua.

Furahi pamoja nami, shoga. Dada nimeshamwandikia, bahasha yake ni hii nyingine. Mpe Mudrick.

Faudhia

*

Kibiti
30 Mei 2025

Faudhia,

Nilisoma barua yako nikiwa kaunta. Mteja alikuwa ananiuliza bei ya sukari, nikamtajia ya unga.

Sasa navunja ahadi. Mpunga wa Mbuchi umekufa wote kwa chumvi tangu Aprili. Mwanajuma yuko Nyamwage, dungu lake limebebwa na mto. Zena namwona hapa Kibiti kila siku, anafulia watu nguo. Shemeji yako yuko Mtunda. Dada yako amebaki huko kwa ajili yako tu. Aliniapisha nisikuambie, kama ulivyoniapisha wewe nisimwambie ya kamati. Nimekaa katikati yenu nikiona kila mmoja anamlinda mwenzake, nami nikiwa na midomo miwili iliyofungwa.

Bahasha yake nimempa Mudrick. Nilitaka kuizuia, nikaona sina haki.

Nisamehe kwa kuchelewa. Sikujua lipi lingekuwa jema, hata sasa sijui.

Kavita

*

Dar es Salaam
4 Juni 2025

Dada,

Nimejua. Usimlaumu Kavita.

Nawe ujue yangu: mwezi wa Januari sikuwa nimekubaliwa. Nilipigana mpaka nikakubaliwa, na maneno niliyopigania ndiyo yaliyonifunga. Nimekwenda kwa Dokta Haruni kumwuliza kama tunaweza kuahirisha, au kuwaleta kina mama Kibiti waite kwenye uwanja wa shule. Alinitazama kwa huruma. Akasema, "Faudhia, wewe ndiye uliyewaambia haiwezekani. Ukirudi leo ukasema inawezekana, waliokupinga watauliza ulikuwa unatetea nini." Na kuahirisha mpaka lini? Nani anayejua kama mwakani chumvi itatoka?

Niambie unavyotaka. Ukisema niache, nitaacha. Ukisema unahama, nitakuja kukusaidia kubeba vyombo.

Faudhia

*

Mbuchi
13 Juni 2025

Mdogo wangu,

Waje.

Nimempelekea habari Mwanajuma, amesema atajitahidi kufika.

Swaumu

*

Dar es Salaam
22 Septemba 2025

Kavita mpenzi,

Uliniuliza nikiwa Kibiti nikashindwa kukusimulia, na tangu hapo nimekuwa nikikukimbia. Leo nimemaliza utetezi. Nimefaulu. Sasa naweza kukueleza yote kwa mpigo.

Siku ile tulifika Mbuchi maji yakiwa yamejaa. Watahini walivua viatu, wakakunja suruali, wakatembea kwenye matuta bila kunung'unika. Shamba ulishaambiwa lilivyo. Ardhi nyeupe imepasuka, mabua yamelala. Yule mtahini wa nje aliinama akaokota udongo, akauonja. Sikumwambia afanye hivyo.

Mwanajuma hakufika. Mwanawe alituma ujumbe kwa Mudrick kwamba mama ameamka na homa, miguu imevimba. Dada alikuwa ameshashika ngazi ya dungu. Nikamwambia, "Tuache." Akasema, "Wameshavua viatu, Faudhia." Akapanda.

Wakaanza. Kavita, mimi nimesikia miito ile mara nyingi, sijawahi kuisikia hivyo. Dada akaita, "Wamekujaaa!" akaivuta kuelekea upande wa mtoni, kwenye zamu ya Mwanajuma. Akaivuta mpaka ikakatika. Kimya. Wanawake wale wengine watatu walikuwa wanajua kwamba wanapaswa kusubiri kidogo na kuendelea, ndivyo walivyofanya mazoezi. Hawakuendelea. Dada aliita tena, safari hii kwa jina. "Mwanajumaaa!" Akasubiri, ameweka kiganja sikioni. Akaita tena. Mpangilio wangu wote ulikuwa umekufa, hakuna aliyeufuata. Nilitaka kupanda nimshushe, sikupanda. Nilisimama pale kama mgeni.

Baadaye akashuka mwenyewe akawakaribisha watahini uji.

Leo kwenye utetezi sharti lao hawakuligusa; wamesema ule ukimya ndio kiini cha kazi. Wamesema nimefaulu kuigeuza hasara kuwa hoja, na kwamba kuacha sauti moja isijibiwe kulikuwa "uamuzi wa kisanaa wenye ujasiri." Yule mama mpole wa kamati alikuwepo, alifuta machozi.

Nikasema, "Sikuamua. Dada yangu alikuwa anamwita mtu ambaye hakuja."

Mwenyekiti akatabasamu, akasema, "Ndiyo maana kazi ina nguvu."

Nikarudia. Nikasema ule ukimya si wangu, wala si wa maonyesho, sistahili kupewa alama kwa ajili yake. Wakaandika. Katika taarifa yao, baada ya pongezi, kuna mstari unaosema mtahiniwa alionyesha unyenyekevu unaostahili kwa wanajamii aliofanya nao kazi.

Nilitaka nini, Kavita? Nilitaka waamini kwamba kuita ni kujua. Sasa wameamini. Video waliyoipiga watahini siku ile wameiweka maktabani. Dokta Haruni ananiita "daktari" mbele ya watu. Wanafunzi wawili wameshaniletea mapendekezo yao, mmoja anataka kufinyanga na mwingine kucheza, na nawaonea furaha, hiyo ni kweli. Lakini nikiifungua video siwezi kupita pale pa kiganja.

Faudhia

*

Mtunda
16 Novemba 2025

Mdogo wangu, daktari wetu,

Kwanza hongera. Ismaily ametangaza msikitini mpaka watu wanakuja kuniuliza dawa ya mgongo. Nawaambia wewe ni daktari wa mambo mengine, wananiuliza mambo gani, nawakaribisha chai.

Umeniandikia kuomba radhi barua tatu sasa. Imetosha. Hukuyapandisha wewe maji. Nami sikuita siku ile ili ufaulu wala ufeli. Nilijua Mwanajuma hayupo, nilishaambiwa. Lakini nilipokuwa juu na kuuona ule upande wake, mdomo ulikwenda wenyewe. Nimekwenda kumwona Nyamwage. Homa imepoa, miguu bado. Tulikaa kwenye benchi lake la mihogo, malori yanapita, hatukusikiana vizuri, tukawa tunacheka tu.

Huku Mtunda tumepewa kipande, tumeanza kuandaa mahindi. Ardhi nyekundu, kavu. Watu wema. Nyumba ziko mbalimbali, na usiku wanafunga milango mapema. Nyani ndio wasumbufu.

Juzi asubuhi nilikuwa peke yangu shambani, nikawaona wanatoka kichakani kundi zima. Sikufikiri, nikaita. Nikaita kama Mbuchi, "Wamekujaaa!" nikauvuta kweli. Nyani wakakimbia. Mara naona jirani yangu, mzee wa watu, anakuja mbio na panga, amepoteza kiatu kimoja njiani, nyuma yake mkewe na wanawe. Anahema. "Nani kakuvamia, mama? Wamekimbilia wapi?"

Nikamwambia hakuna, baba, ni nyani tu.

Akakaa chini kupumzisha roho. Akasema, kwa upole kabisa, "Huku mtu akilia hivyo ni msiba au ni mwizi. Tafadhali, usitutishe."

Nikamwomba radhi. Mkewe akaniambia nichukue debe bovu, niwe nagonga. Amenipa la kwake.

Linasikika mbali, na nyani wanaliogopa.

Dada yako,
Swaumu